Chapa ni Jina: Nguo ya Mtoto na Mafunzo ya Kanga



Neno "chapa" tulilipokea kutoka Bara Hindi, na katika Kiswahili limebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kitambaa kikipigwa chapa, tunakusudia kwamba kimetiwa maua, mistari au madoadoa ya rangi. Na tukisema sabuni hii ni ya chapa fulani, tunakusudia jina la mwenye mali. Wenzetu wengine wana maneno mawili mbalimbali kwa mambo haya. Sisi tunalo moja. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba lugha yetu ina busara. Katika biashara ya nguo, na hasa nguo za watoto wachanga, mchoro wa kitambaa na jina la mwenye mali huishi pamoja, na mwenye kuvitenganisha huenda akavikosa vyote viwili.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo tunaloliona kila mahali tulipo, hapa Uingereza na kwingineko ughaibuni. Akina mama na vijana wetu wengi wameanza kushona nguo za watoto kwa kanga na vitenge: magauni, suruali za kulalia, vikofia, mablanketi ya kumfunikia mtoto, mifuko ya kutilia winda. Wanaziuza katika sherehe za Idi, katika arusi, katika masoko ya mwisho wa wiki na kwenye intaneti. Kazi yao ni safi na wateja wapo. Lakini mwulize mnunuzi nguo ile ni ya nani, atakujibu, "Ni nguo ya Kiafrika." Hilo si jina la mtu wala la duka. Kwa hiyo na turudi nyuma kidogo tuone wengine walipitaje njia hii, na wazee wetu wa Pwani walipitaje.

Muhuri kichwani mwa gora

Kwa muda mrefu nguo ya mtoto mchanga huko Ulaya ilikuwa nyeupe. Sababu kubwa ilikuwa ya kiufundi: kitani na pamba nyeupe huweza kuchemshwa, na rangi nyingi za siku zile hazikustahimili maji ya moto na sabuni kali. Mchoro mzuri usingekuwa na faida yoyote kama ungeyeyuka katika beseni la kufulia.

Wahindi walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hilo zamani. Vitambaa vyao vya pamba vyenye chapa na rangi zisizotoka vilipofika Ulaya kwa wingi katika karne ya 17, vilipendwa mno hata wafumaji wa huko wakapiga kelele. Ufaransa ilivipiga marufuku mwaka 1686, na marufuku hiyo ikadumu mpaka 1759. Mwaka uliofuata, 1760, kijana mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Christophe-Philippe Oberkampf, alianza kupiga chapa vitambaa katika kijiji cha Jouy-en-Josas, karibu na Versailles. Michoro yake ya wachungaji, watoto wanaocheza na maua ilienea Ulaya nzima, na mpaka leo michoro ya namna ile huitwa kwa jina la kijiji kile.

La kuzingatia ni hili. Kichwani mwa gora Oberkampf alipiga muhuri wenye jina la kiwanda na ahadi kwamba rangi ni imara, haichuji. Mchoro ulimvuta mteja, na muhuri ukamwambia amrudie nani akiupenda, na amshitaki nani akidanganywa. Tangu mwanzo, chapa ya kwanza ilihitaji chapa ya pili.

Huku Uingereza mambo yakaenda kasi zaidi. Mwaka 1783 Thomas Bell, Mskoti, alipata hataza ya mashine ya kupiga chapa kwa rola za shaba zilizochongwa. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono, kibao kwa kibao, sasa ikazunguka bila kukoma. Na mchoro ukipigwa upesi, huibwa upesi vilevile. Ndiyo maana mwaka 1787 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumlinda mbunifu wa michoro ya vitambaa. Ulinzi wenyewe ulikuwa wa miezi 2 tu! Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kuanzia mwaka 1839 serikali ikaanza kuweka daftari la michoro ya bidhaa, na madaftari hayo, ya hadi mwaka 1991, yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Ndani yake mna vipande halisi vya vitambaa vimebandikwa karatasini, kila kimoja na nambari yake na jina la mwenyewe.

Mtoto hachagui

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi katika nguo za watoto? Kwanza, mvaaji hachagui. Mtoto wa wiki 2 hana habari na nguo aliyovikwa. Anayenunua ni mama, shangazi, bibi, au jirani aliyekuja na zawadi. Mara nyingi mnunuzi hajapata kumwona mtoto, hivyo anaongozwa na jicho lake na kumbukumbu yake tu.

Pili, nguo ya mtoto haikai. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na akitimiza mwaka amefikia kama 75. Vipimo vya nguo vya Ulaya hufuata urefu huo: 56, 62, 68, 74, 80. Yaani katika miezi 12 mtoto mmoja huvuka vipimo vitano, na kila nguo inayombana huenda kwa mdogo wake, kwa binamu au kwa jirani. Kitambulisho cha karatasi kilichoning'inizwa dukani kimekwisha kutupwa. Kile cha ndani kinamkera mtoto shingoni, mama amekikata kwa mkasi. Kinachobaki ni mchoro wenyewe. Kama mchoro hausemi umetoka kwa nani, nguo ile itapita kwa watoto watatu bila kumletea fundi mteja hata mmoja.

Wenye viwanda waliligundua hili mapema. Huko Troyes, mji wa wafumaji wa Ufaransa, Pierre Valton alianzisha mwaka 1893 kiwanda cha nguo za ndani ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Petit Bateau, yaani mashua ndogo. Jina lilitokana na wimbo wa watoto ambao kila mama wa Kifaransa anaujua. Mashua, bahari na mistari ya mabaharia vikawa alama ya nyumba hiyo, na zaidi ya miaka 100 baadaye mnunuzi bado anaitambua kwa mbali.

Mfano wa pili una onyo ndani yake. Mwaka 1902 Beatrix Potter alichapisha London hadithi ya sungura Peter Rabbit. Mwaka 1903 akasajili mwanasesere wa sungura huyo, kisha zikafuata bidhaa nyingine nyingi za watoto zenye picha zake. Lakini mchapishaji wake hakuwa amesajili hakimiliki ya kitabu huko Marekani, na muda si muda matoleo ya wizi yakatapakaa ng'ambo ya bahari, bila yeye kupata senti. Sungura alikuwa wake katika nchi moja, na katika nchi nyingine akawa wa yeyote mwenye mashine.

Uzi kutoka Ziwa Tana

Katika miaka ya 1930 duka la Liberty la London, lililofunguliwa na Arthur Lasenby Liberty mwaka 1875, lilikuwa likiuza pamba laini sana yenye maua madogo madogo, iliyoitwa Tana Lawn. Hiyo "Tana" ni Ziwa Tana la Ethiopia, kwani pamba ya mwanzo ililimwa pande hizo. Magauni ya watoto wa kike yaliyoshonwa kwa kitambaa hicho yakawa kama sare ya familia zenye uwezo. Pamba ya Afrika ilipata umaarufu, lakini umaarufu ulibaki na duka lililoupa mchoro jina, na wakulima wa kando ya ziwa hawajulikani hata mmoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja watu wa Kaskazini. Kampuni ya Marimekko ilianzishwa Finland mwaka 1951 na Armi Ratia pamoja na mumewe Viljo. Nchi ilikuwa imetoka vitani, bidhaa zilikuwa adimu, na wao waliamua kuuza michoro mikubwa yenye rangi za kukoza. Mwaka 1964 Maija Isola alichora maua ya Unikko, ingawa Armi Ratia alikuwa ametangaza kwamba kampuni haitapiga chapa maua. Mwaka 1968 Annika Rimala alitoa mistari ya Tasaraita kwa ajili ya mwanamume, mwanamke na mtoto sawasawa. Mwaka 1975 Katsuji Wakisaka, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi hapo, akachora magari ya rangi rangi ya Bo Boo, mchoro ambao watoto wengi wamelala juu yake na kuuvaa.

Ukikunjua kitambaa cha Marimekko utaona ukingoni pameandikwa jina la mchoro, jina la aliyeuchora na jina la kampuni. Jirani zao wa Sweden, Polarn O. Pyret, kampuni ya tangu 1909, walifanya jambo rahisi zaidi. Mwaka 1976 Gunila Axén aliwachorea fulana ya mistari, na mistari hiyo hawakuiacha. Rangi hubadilika kila msimu, lakini mistari ni ile ile. Mtoto akikimbia uwanjani, mzazi mwingine anajua nguo ile imetoka wapi bila kusoma chochote.

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapodhani kwamba nguvu ya chapa ni uzuri wa mchoro. Mistari kila mtu anaweza kuichora. Nguvu imetokana na kuishikilia mistari ile ile mwaka baada ya mwaka, mpaka jicho la mnunuzi likaizoea na moyo wake ukaiamini.

Mali ya Abdulla

Sasa turudi nyumbani, kwani somo hili wazee wetu hawakulisubiri kutoka Finland.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Pwani na Visiwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizopigwa chapa, neno lenyewe likiwa la Kireno. Ziliuzwa zikiwa zimeungana katika gora. Wao walikata vipande sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunganisha kwa kushona, wakapata vazi moja pana la kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza vazi hilo lipigwe chapa likiwa zima. Yale madoadoa meupe ya mwanzo yakawakumbusha watu ndege kanga, na jina likabaki. Kazi ya kupiga chapa ilifanyika mbali: Uingereza, Helmond nchini Uholanzi, baadaye Japani na India. Baada ya uhuru viwanda vyetu navyo vikaingia, kama kile cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968.

Ulaya ndiko mashine zilikokuwa, lakini mwanamke wa Mombasa au Unguja ndiye aliyeamua kipi kinauzika. Mfanyabiashara asiyesikiliza ladha ya wateja wake alibaki na magora yake dukani. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887. Kanga zake zilitambulika kwa maandishi yaliyopigwa chapa juu ya kitambaa chenyewe: K.H.E. Mali ya Abdulla. Aghlabu pamoja nayo palikuwa na methali ya Kiswahili, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa Kilatini. Hebu tutafakari. Mchoro, jina la mwenye mali na maneno ya mvaaji vyote vitatu viko katika nguo moja, navyo haviwezi kukatwa wala kubanduliwa bila kuiharibu. Hakuna mtaalamu wa biashara wa leo angeshauri vizuri zaidi ya hapo.

Na kanga hiyo ndiyo nguo ya kwanza ya mtoto wetu. Akizaliwa hupokewa kwa kanga, kwa sababu iliyofuliwa mara nyingi huwa laini kuliko kitambaa chochote cha dukani. Hufunikwa nayo, hubebwa mgongoni kwa mbeleko, na ikichakaa hukatwa ikawa winda. Kwa hiyo ndugu zetu wanaoshona nguo za watoto kwa kanga wanaendeleza jambo la kale.

Mkasi na kipimo

Hata hivyo kuna tatizo ambalo sisi wahandisi hatuwezi kulinyamazia. Kanga haikuumbwa kwa ajili ya mkasi. Ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa kama 110. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Ni mchoro mmoja kamili kama zulia. Kitambaa cha gauni la mtoto ni kitu kingine: mchoro wake hujirudia bila mwisho, hivyo hata ukikatwa wapi hubaki vile vile.

Kifua cha gauni la mtoto wa miezi mitatu hakizidi sentimita 25. Korosho moja ya kanga hukijaza chote, au hukatwa nusu ikaonekana kama doa. Kanga iliyoandikwa "Nani kama mama" ikipita kwenye mkasi, mtoto atatoka na "ni kama ma" begani. Mji umekatwa, pindo limetupwa, jina limevunjika na Mali ya Abdulla imebaki sakafuni pamoja na vitambaa vya kupangusia. Kilichobaki ni rangi tu, na rangi ni za kila mtu.

Dawa ipo, na siku hizi haina gharama kubwa. Zamani rola ya shaba ilipaswa kuchongwa, na hakuna aliyekubali kuichonga bila oda ya maelfu ya yadi. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ikaleta skrini ya mviringo, ambayo mzunguko wake wa kawaida ni sentimita 64, na gharama ikashuka. Leo kuna mashine zinazopiga chapa kwa wino moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, na fundi mdogo anaweza kuagiza mita chache tu za mchoro wake mwenyewe. Kwa hiyo anaweza kuchora korosho ya sentimita 3, pindo jembamba linalokaa kwenye upindo wa gauni, na jina fupi linalosomeka mgongoni. Hiyo itakuwa kanga iliyopimwa kwa mwili wa mtoto, na itakuwa yake.

Rangi nayo iangaliwe. Kanga mpya huchuja, na mtoto hutia kila kitu mdomoni. Kuiloweka katika maji ya chumvi ni desturi njema lakini husaidia kidogo. Kinachoondoa rangi ya ziada ni kuifua mara kadhaa. Kwa atakaye kuuza Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 ilikataza katika nguo zinazogusa ngozi rangi za azo zinazoweza kutoa kemikali 22 zilizotajwa, kwa kiwango kinachozidi miligramu 30 kwa kilo. Kuna pia kipimo cha hiari cha Oeko-Tex, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho daraja lake la kwanza na kali kuliko yote ni la watoto wa hadi miaka 3. Humo hupimwa hata kama rangi inastahimili mate. Muhuri wa Oberkampf uliahidi rangi imara, na ahadi ile ile inadaiwa leo.

Nani mwenye jina?

Wako watakaosema haya ni mambo ya matajiri. La hasha. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba Marekani kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara ya nguo, na mwaka 2003 ikasajiliwa. Usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kuzungumza wala kuimba maneno hayo. Unahusu matumizi yake kama alama ya bidhaa. Lakini fikirini: maneno mawili ya Kiswahili, ya namna ile ile tunayoyapiga chapa kwenye kanga, yakawa kwenye daftari la alama za nguo kwa jina la kampuni ya ng'ambo. Kelele za Waswahili zilipanda hasa mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Kabla ya hapo, mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili hapa jina la kikoi kwa tahajia ya Kiingereza. Safari hiyo Wakenya walishtuka mapema, wakaweka pingamizi, na kufikia mwaka 2008 ombi likaanguka.

Sheria ina milango miwili, na ni vizuri kuitofautisha. Alama ya biashara hulinda jina, na huweza kuhuishwa bila kikomo. Usajili wa mchoro hulinda mchoro mpya, na hapa Uingereza huhuishwa kila miaka 5 mpaka 25. Korosho ya bibi zetu hakuna awezaye kuisajili kuwa yake peke yake, nasi tusitake kufanya hivyo. Hiyo ni mali ya wote. Lakini korosho uliyoichora wewe kwa mkono wako, kwa mpango wako, pamoja na jina ulilolichagua, ni mali yako, na ukichelewa mwingine atakutangulia.

Kwa hiyo shauri letu kwa ndugu zetu mafundi ni la maneno machache. Chagueni mchoro mmoja, msiukimbie ukichoka nao, kwa sababu mteja ndiyo kwanza anaanza kuujua. Upimeni kwa mwili wa mtoto. Hakikisheni rangi. Pigeni jina lenu juu ya kitambaa chenyewe, mahali ambapo mkasi haufiki. Kisha nendeni mkalisajili.

Abdulla wa Mombasa hakuwa na kiwanda, na kanga zake zilipigwa chapa na mashine za watu wengine. Mchoro aliuagiza na kitambaa alikinunua. Kilichokuwa chake bila ubishi kilikuwa yale maneno matatu aliyoyaandika juu ya nguo, nayo yamedumu zaidi ya karne moja.